Wanafukua sumu jirani yetu: je, hewa tunayovuta inalindwa?

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa watu wanaoishi au kufanya kazi kando ya viwanda vilivyokufa zamani, ambavyo sasa vimeletewa mashine kufukua na kuondoa udongo uliochafuka. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu maswali yake yamo pia ndani ya zile nyingine ambazo sikuweza kuzichapisha.

SWALI: Bi Mhandisi, shikamoo. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na kiwanda cha kutengeneza gesi ya taa kutokana na makaa ya mawe. Kilifungwa kabla hata mama mkwe wangu hajaolewa hapa. Sasa wanachimba udongo mweusi na kuupakia kwenye malori. Tulielezwa kwamba kuna mita za kupima hewa kwenye uzio. Lakini ikifika mchana harufu inaingia mpaka chumbani, harufu ile ya naftalini ya kabatini, na mwanangu wa katikati ana pumu na amezidi kukohoa. Nikiuliza naambiwa mita hazijaonyesha tatizo lolote. Nani mkweli, pua yangu au mita zao? — *Mama wa watoto watatu*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole kwa mtoto. Inawezekana kabisa wote wawili mkawa wakweli, na hapo ndipo watu wengi wanapofungwa mdomo bila kujibiwa.

Viwanda vya namna hiyo vilianza London mwaka 1812, vikasambaa duniani, vikatoweka gesi asilia ilipokuja. Vilichoacha ardhini kinafanana kila mahali: lami ya makaa ya mawe, naftalini, benzini, na takataka za kusafishia gesi zenye sianidi, ambazo mara nyingi huupa udongo rangi ya buluu. Vikifunikwa na udongo na sakafu ya zege, vinatulia miaka mingi. Siku katapila linapofunua, mivuke inapata njia ya juu, na jua la mchana linaiongezea kasi. Ndiyo maana asubuhi huinusi sana, na saa nane inakufukuza chumbani.

Sasa pua na mita. Naftalini inanukia hata ikiwa kidogo mno hewani, chini ya sehemu moja kwa milioni. Mita ya kawaida ya mivuke inayowekwa kwenye uzio hujumlisha mivuke mingi pamoja bila kuitofautisha, na mara nyingi kengele yake imewekwa juu ya kiwango hicho. Kwa hiyo wewe unanusa na mita inanyamaza, na hakuna aliyedanganya. Lakini benzini ni kinyume chake. Watu wengi hawaanzi kuinusa mpaka ipite sehemu moja kwa milioni, na wengine mpaka iwe juu zaidi, wakati huko Marekani hicho cha sehemu moja ndicho kikomo cha mfanyakazi mzima kwa zamu ya saa 8. Benzini husababisha saratani ya damu. Vumbi la madini ya risasi na nyuzi za asbesto havina harufu kabisa. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba harufu ni kero tu, na usijitulize siku ambayo hunusi kitu. Harufu inakuambia jambo moja la hakika: hewa iliyopita juu ya shimo imefika kwako. Ni kiasi gani cha nini kimo ndani yake, hapo lazima pawe na kipimo cha maabara.

Omba basi kujua mita hizo ni za nini. Kwa eneo kama lako nategemea kuona aina tatu za upimaji. Kwanza mita za papo hapo, za vumbi na za mivuke, zinazosomwa muda wote mashine zinapofanya kazi. Pili sampuli za saa 24, hewa ikivutwa ndani ya mkebe maalumu wa chuma au kupitia kichujio, kisha ikapelekwa maabara kutafutwa benzini na naftalini kwa majina yake. Tatu, mtu anayetembea kando ya uzio akinusa na kuandika, kwa sababu harufu nayo inastahili kanuni yake. Mita za papo hapo peke yake hazitoshi penye lami ya makaa.

Uliza pia zimewekwa wapi. Lazima iwepo moja upande wa joshini, upepo unakotoka, na nyingine upande wa demani, upepo unakokwenda. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo inayoonyesha eneo limeongeza nini kwenye hewa ambayo tayari ilikuwa na moshi wa barabara na wa majiko. Upepo ukigeuka, mita nazo zihamishwe. Nimekuta maeneo ambapo mita imefungwa penye mlango wa ofisi kwa sababu ndipo palipo na umeme, na inasoma vizuri siku nzima kwa kuwa upepo haukupita hapo hata mara moja.

Halafu uliza swali ninalolipa uzito kuliko yote: mita ikipanda, nani anasimamisha kazi, na kwa muda gani?

Jimbo la New York lina kanuni ya aina hii kwa maeneo yanayosafishwa, na naipenda kwa sababu inasomeka na mtu yeyote. Mivuke kwenye uzio wa upande wa demani ikizidi ile ya upande wa pili kwa sehemu 5 kwa milioni, kwa wastani wa dakika 15, kazi inasimama kwanza mpaka ishuke. Ikizidi 25, shughuli zinafungwa. Kwa vumbi laini liitwalo PM10, likizidi la upande wa joshini kwa maikrogramu 100 katika mita moja ya ujazo, hatua za kulizuia zinaanza mara moja. Likibaki juu ya 150 hata baada ya hatua hizo, mashine zinazimwa. Na kuna sharti ambalo jirani asiye na chombo chochote anaweza kulisimamia kwa macho yake: vumbi linaloonekana likivuka uzio, lazima lizuiwe, hata kama namba ni nzuri. Mamlaka yenu inaweza kuwa na namba zake. Wewe hitaji kuona kwamba namba zipo, zimeandikwa kabla ya kazi kuanza, na mbele ya kila namba pameandikwa kitendo.

Nasisitiza kitendo kwa sababu nimefanya kazi hii mahali pa aina zote mbili. Kwenye mradi mmoja mwenye mradi alisimama asubuhi mbele ya madereva wote akatamka kwamba huyu mama akiinua mkono, mashine zinalala, na hakuna atakayeulizwa kwa nini. Mchana mmoja mita ya upande wa demani ikaanza kupanda tulipogusa tangi la zamani ambalo halikuwa kwenye ramani. Niliinua mkono, injini ikazimwa, shimo likafunikwa kwa povu na turubai, na kwenye nyumba za jirani hakuna aliyejua kwamba kulikuwa na lolote. Kwenye mradi mwingine nilikuwa na mita zilezile, bora hata. Lakini nilitakiwa kwanza nimpigie msimamizi, naye ampigie meneja aliyekuwa ofisi nyingine, na jibu lilipokuwa likirudi udongo ulikuwa umeshapakiwa lori zima na watu wa ng'ambo ya barabara wameshafunga madirisha. Mita zilirekodi kila kitu kwa usahihi. Rekodi hiyo haikumsaidia mtu yeyote aliyekuwa akivuta hewa ile dakika ile. Bado inaniuma.

Usiogope kuonekana mkorofi kwa kuuliza haya. Usafishaji wenyewe unaweza kudhuru kuliko uchafu uliokuwa umelala. Corby, Uingereza, palikuwa na kiwanda kikubwa cha chuma. Uyeyushaji ulipokoma mwaka 1980, halmashauri ya mji ikachukua kazi ya kusafisha ardhi ile, na kazi ikaendelea hadi miaka ya 1990. Malori yalipita mitaani na tope na vumbi la sumu, yakidondosha njiani, bila kufunikwa wala kuoshwa magurudumu ipasavyo. Familia ambazo watoto wao walizaliwa na kasoro za mikono na miguu zilikwenda mahakamani, na mwaka 2009 Mahakama Kuu ikaamua kwamba halmashauri ilifanya uzembe katika usafishaji huo. Mwaka uliofuata ikakubali kulipa fidia. Ndiyo maana barua kama yako huwa siiweki kando.

Mambo ya kuwadai ni ya kawaida katika kazi hii, wala hayahitaji uvumbuzi. Shimo lifunguliwe kipande kidogo kwa wakati mmoja, na kipande kikiisha kifunikwe kabla ya kingine kufunguliwa. Ndoo ya eskaveta ishushwe ndani ya lori kabla ya kumwaga, isiangushe udongo kutoka juu. Marundo yafunikwe turubai hata wakati wa chakula. Udongo unaonuka sana upuliziwe povu. Malori yafunikwe, yaoshwe magurudumu getini, yasiachwe yakiunguruma bure chini ya madirisha yenu, kwa sababu moshi wa dizeli nao unasababisha saratani na unaamsha pumu. Na pale penye lami nyingi kuliko kawaida, wanaweza kusimamisha hema kubwa juu ya shimo, hewa yake ikivutwa na feni na kupitishwa kwenye mkaa maalumu unaonasa mivuke. Hema ni ghali. Kwa nyumba zilizo karibu kama yako, na mtoto wa pumu ndani, mimi ningelidai.

Kuhusu mtoto, mpeleke kwa daktari na useme wazi kwamba mnakaa kando ya eneo hilo na kikohozi kimeongezeka tangu uchimbaji uanze. Dawa yake ya kuvuta iwe karibu hata shuleni. Funga madirisha yanayotazama eneo saa za kazi, uyafungue jioni mashine zikilala. Omba ratiba ya siku watakazochimba sehemu chafu zaidi, ili siku hizo ashinde kwingine ikiwezekana. Na kila ukinusa, andika siku, saa, upepo unatoka wapi, harufu ya nini, mtoto alikuwaje. Peleka nakala kila wiki na uombe kuwekewa kando yake namba za mita za saa hizohizo. Ukiziweka pamoja karatasi hizo mbili, mazungumzo yenu yatabadilika.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ndiye ninayemwagia maji udongo kwenye mradi wa kusafisha kiwanda cha zamani. Msimamizi ananiambia nipunguze maji kwa sababu udongo ukilowa unakuwa mzito na dampo linatoza kwa tani. Nikipunguza, vumbi linakwenda kwa watu. Tena barakoa niliyopewa ni ile nyeupe ya kitambaa na jioni kichwa kinaniuma sana. Nifanyeje na ninahitaji hii kazi? — *Kijana wa bomba la maji*

JIBU: Marahaba, mwanangu, na ahsante kwa kuwafikiria watu wa upande wa pili wa uzio.

Msimamizi wako ana nusu ya hoja. Maji mengi yanaongeza uzito, na yanayotiririka kutoka kwenye udongo mchafu yanakuwa uchafu mpya unaotafuta mtaro. Dawa ni kubadilisha namna ya kumwaga. Tumia kichwa cha kupulizia ukungu mwembamba, uelekeze pale ndoo inapochota na pale inapomwaga, maana hapo ndipo vumbi linapozaliwa. Rundo lililotulia lifunike badala ya kulimwagia. Mwombe dereva ashushe ndoo chini zaidi. Hiyo haigharimu tani hata moja. Mweleze msimamizi hivyo, kwa lugha ya kuokoa uzito wake na kuokoa hewa kwa pamoja, na namwombea akusikie.

Maumivu ya kichwa jioni usiyazoee. Barakoa nyeupe ya vumbi, hata ikiwa nzuri, haizuii mivuke hata kidogo. Mivuke inapita katikati ya nyuzi zake. Penye mafuta, lami au viyeyusho unahitaji barakoa ya mpira inayobana uso, yenye vichujio vya mkaa pamoja na vya vumbi, na vichujio hivyo vina mwisho wa kutumika. Ukinusa ndani yake, ama vimekwisha ama haijakukaa. Ndevu nazo zinaiachia nafasi.

Nguo za kazi zibaki kazini. Oga na ubadilishe kabla ya kwenda nyumbani, viatu pia, kwa sababu risasi na asbesto hupanda nguo na kumfuata baba mpaka kwa mtoto anayemkimbilia mlangoni.

Na kuhusu kazi yako: Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema mfanyakazi anayejiondoa kwenye kazi akiwa na sababu ya kuamini kuna hatari kubwa iliyo mbele yake kwa uhai au afya asiadhibiwe kwa hilo. Nchi nyingi zina sheria inayofanana. Usiende peke yako. Nendeni wawili watatu, mkiwa na jambo moja la kuomba, yaani barakoa sahihi, na muombe jibu la maandishi.

SWALI: Nimeona mtandaoni kifaa kidogo cha kupima hewa cha nyumbani. Eneo linalosafishwa liko mita chache kutoka kwangu. Nikikinunua nitaweza kuwabana? — *Msomaji wa siku nyingi*

JIBU: Utaweza kuwauliza, na hilo si haba. Kifaa hicho hupima vumbi kwa kuangaza mwanga na kuhesabu unavyotawanyika. Hakioni gesi wala mivuke. Unyevu wa asubuhi na ukungu hukifanya kisome juu kuliko ukweli. Na kasoro inayonisumbua zaidi kwa hali yako ni kwamba vingi vya bei nafuu havioni vizuri chembe kubwa, nazo ndizo nyingi kwenye vumbi la uchimbaji. Kinaweza kukuonyesha hali shwari huku unaliona vumbi kwa macho. Ukiliona, amini macho yako na upige picha.

Kifaidi hivi: kianze wiki kadhaa kabla ya mashine kufika, ukiweza, ili ujue kawaida ya mahali pako. Kiweke nje, kivulini, mbali na jiko. Kisha tazama umbo la siku kuliko namba yenyewe: je, kinapanda mashine zinapowashwa na kushuka zinapolala? Usichukue usomaji wa dakika 15 ukaulinganisha na miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021, ambayo ni maikrogramu 15 za PM2.5, yaani vumbi laini kuliko PM10, au 45 za PM10, katika mita moja ya ujazo, kwa wastani wa saa 24. Watakukosoa hapohapo na hoja yako nzuri itazama nayo.

Kama fedha ni chache, na mko majirani kadhaa, ningechanga nanyi kulipia sampuli moja ya maabara siku ya uchimbaji mchafu kabla ya kununua vifaa vitano vya kupamba madirisha.

SWALI: Bibi, shikamoo. Jirani yetu palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri za magari. Wamesafisha, wanakaribia kuondoka. Taarifa yao ya hewa ni safi mwanzo hadi mwisho. Lakini mjukuu wangu amepimwa damu na amekutwa na risasi. Taarifa ni ya uongo? — *Babu mwenye wasiwasi*

JIBU: Shikamoo nawe mzee wangu, nadhani kwa umri mimi ndiye wa kukuamkia.

Taarifa inaweza kuwa ya kweli na bado isimhusu mjukuu wako. Mtoto mdogo anapata risasi zaidi kwa mdomo: anatambaa, anashika udongo, anaweka vidole kinywani. Vumbi lililotua uani miaka ile kiwanda kikiwaka haliko tena hewani, na mita ya hewa haiwezi kuliona. Tena mita ya vumbi haijui risasi. Inajua uzito wa vumbi tu. Risasi hutambuliwa kwa kichujio kilichopelekwa maabara. Soma taarifa yao uone kama vichujio hivyo vimo. Ili uone jinsi kiasi kidogo kinavyohesabiwa: kikomo cha Marekani tangu mwaka 2008 ni maikrogramu 0.15 za risasi katika mita ya ujazo, kwa wastani wa miezi mitatu.

Hakuna kiwango cha risasi mwilini mwa mtoto kinachojulikana kuwa salama. Shirika la Afya Duniani linasema ikifika maikrogramu 5 kwa desilita ya damu, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Anza na chanzo. Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, mamia ya watoto walikufa kwa risasi iliyotoka kwenye usagaji wa mawe ya dhahabu, na madaktari waliokwenda kule walilazimika kungoja vijiji vifukuliwe udongo wa juu na kuwekwa safi kabla ya kuwapa watoto dawa, kwa sababu mtoto aliyetibiwa akirudishwa kwenye uwanja uleule risasi inarudi mwilini.

Nyumbani piga deki kwa kitambaa chenye maji, usifagie kavu. Viatu vibaki nje. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kulala. Kama mkandarasi aliwahi kuwaajiri watu wa nyumba yenu, ulizeni nguo zao zilifuliwa wapi. Watoto wengine wa mtaa nao wapimwe, hata walio wazima kwa kuwatazama.

Lakini la haraka kuliko yote ni hili, maana umesema wanakaribia kuondoka. Andikeni leo, ninyi majirani wote, kwa mkandarasi na kwa mamlaka ya mazingira, mkitaka udongo wa nyua zenu, wa njia ya malori na wa uwanja wa shule upimwe risasi, sentimita chache za juu ambako watoto hucheza, na vumbi la sakafu za nyumba chache lipimwe pia. Takeni hilo lifanyike kabla cheti cha kumaliza kazi hakijatiwa saini na mashine hazijapakiwa. Udongo wa nje ya uzio ukikutwa mchafu, mashine za kuuondoa bado ziko hapo, na bajeti bado haijafungwa.